Namna ya Kufunga Mlango wa Friji Bila Kuugusa Mpira Wake

Mwongozo huu ni kwa kaya yenye friji moja, mlango mmoja uliogoma na washauri wasiopungua saba. Umetungwa kwa mazingira ya Tabora, ambako kiangazi huleta vumbi, Oktoba huleta joto, mvua huleta maembe, na vyote huishia kwenye mpira wa mlango wa friji. Msomaji wa Mwanza au Dar es Salaam anaruhusiwa kuufuata, ila kwa dhamana yake mwenyewe, maana huko kwao mafundi ni wengi mno na vitu huharibika haraka zaidi.

Kwanza hakikisha kwamba mlango haufungi kweli. Dalili zinafahamika. Unausukuma, unagusa bodi, unatulia kidogo, halafu unarudi taratibu, kwa adabu, na taa ya ndani inawaka tena. Usiku taa hiyo humulika sebule nzima, kwa sababu friji ya kwetu haikai jikoni. Inakaa sebuleni, kati ya runinga na kabati la vyombo, imevalishwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki kichwani, na nailoni iliyokuja nayo kutoka dukani bado imeng'ang'ania mlangoni ingawa friji yenyewe imefikisha umri wa kuandikishwa darasa la kwanza. Imewekwa hapo ili wageni waione. Mlango ukibaki wazi wanaona na vilivyomo, na hilo ndilo linaloumiza kuliko umeme unaopotea.

Ukishathibitisha, anza hatua ya kwanza, ambayo ni kumtafuta mkosaji. Usiiguse friji mpaka apatikane. Kwa kawaida anatangulia dada wa kazi, ambaye "anaubamiza". Akijitetea, zamu ni ya watoto, ambao hufungua mlango kuangalia kama kuna kilichoongezeka tangu walipoangalia mara ya mwisho. Watoto wakikana, yupo shemeji aliyekuja msibani akakaa mpaka mavuno. Baba mwenye nyumba hachunguzwi. Ni kweli ndiye aliyenunua friji, akaileta imelazwa chali kwenye lori, magunia juu ya mlango, na bawaba ya juu ikapinda kabla friji haijaiona Tabora. Lakini yeye ndiye aliyelipa, na aliyelipa hana kosa. (Kwa faida ya atakayeleta nyingine: friji husafirishwa imesimama. Ikibidi kulazwa, ikifika isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yaliyotiririkia kwenye mabomba yapate muda wa kurudi.)

Kikao kikivunjika bila mkosaji, bandika tangazo mlangoni: FUNGA VIZURI. Liandikwe kwa wino mzito kwenye karatasi kubwa, kubwa kiasi kwamba kona yake moja inaingia kati ya mpira na bodi kila mlango unapofungwa.

Hatua ya pili ni kuufunga mlango kwa mpira wa tyubu, na hapa watu wa Tabora tuna haki ya kutamba. Njia ya misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, kama kilomita 1,200, ilipita kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipanda na kuishuka wakiwa na pembe, vitambaa na shanga mabegani, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne ya milima, mito, mikwaju na malalamiko ya Burton, na mizigo ilifika imefungwa. Hapakuwa na sumaku, hapakuwa na bawaba. Palikuwa na kamba na mtu anayejua kufunga. Mjukuu wa watu hao atashindwaje na mlango wa friji?

Nenda kwa fundi baiskeli aliye chini ya mwembe. Tabora haina uhaba wa baiskeli wala miembe. Mwombe tyubu iliyokufa. Ataishika penye vali, ataichana kwa wembe kwa urefu wake wote bila kuangalia mkono wake, ataukung'uta unga mweupe uliokuwa ndani, kisha ataivuta mara mbili kifuani pake kuona kama bado ina nguvu. Ni mpira uleule unaofunga gunia la mkaa, kreti la soda na mbuzi kwenye keria, na mbuzi huwa anasukuma kuliko mlango wowote. Upitishe nyuma ya friji ukikwepa ule wavu wa mabomba meusi, maana hapo ndipo joto la ndani linapotolewa nje, na mpira ukiulalia sebule itanuka. Ulete mbele, uukaze kwenye kitovu cha mlango, ufunge fundo la kufunguka kwa kuvuta.

Matokeo yake ni ya kuridhisha kwa macho. Katikati mlango utabanwa barabara. Pembe za juu na za chini, ambazo hazijabanwa na kitu, zitabinuka kidogo, na ubaridi utatoka chini kimyakimya mahali ambapo hakuna anayetazama. Kila anayetaka maji atafungua fundo, atakunywa, na atalifunga tena kwa namna yake. Kufikia jioni mpira utakuwa umetundikwa kwenye mpini wa mlango na mlango utakuwa wazi.

Niweke kejeli kando kwa aya moja. Friji za zamani zilifungwa kwa komeo la nje, na watoto waliojificha ndani wakicheza walikufa kwa kukosa hewa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1956 ikitaka mlango uweze kufunguliwa na aliye ndani, na sumaku iliyofichwa ndani ya mpira ndiyo iliyochukua nafasi ya komeo. Kwa hiyo kamba na kufuli zinaturudisha tulikotoka. Na friji iliyokufa ikatupwa nyuma ya nyumba ing'olewe mlango kabisa. Haya, tuendelee.

Wapo wasioamini kamba. Hao hutumia kiti. Kiti kikishindwa, ndoo ya maji ya lita 20. Ndoo ikishindwa, tofali la kuchoma lililovikwa kitambaa kinachofanana na kile cha juu ya friji, ili lionekane ni sehemu ya mapambo. Sina la kuongeza.

Kuhusu sakafu, nina la kuongeza. Sakafu nyingi za saruji zimemwagwa zikiwa na mteremko wa kuelekea mlangoni, ili maji ya kudekia yatoke yenyewe. Friji ikisimamishwa na mgongo wake ukutani na uso wake mlangoni, inainama mbele, na mlango wake unafuata njia ileile ya maji. Wenye busara wakiona friji inayumba hutafuta kizibo cha soda, boksi lililokunjwa au kipande cha mti na kukipachika chini ya mguu wa nyuma, ikazidi kuinama. Ukiendelea hivyo, ipo siku mlango utafika nje kabla yako. Miguu ya mbele ya friji nyingi huzunguka kama skrubu, inaweza kuinuliwa kwa vidole au kwa spana ndogo, na ikiinuliwa kidogo tu mlango ulioachwa nusu wazi hurudi wenyewe na kufunga. Lakini kuizungusha kunataka mtu ainame, na mwenye nyumba hainami mbele ya wageni.

Sasa tufike kwenye barafu, ambako kazi yenyewe ndiko iliko.

Ukiwa umeufuata mwongozo huu mpaka hapa, una mwanya wa upana wa kidole mahali fulani. Subiri mvua zianze. Hewa yenye unyevu itapenya, itafika kwenye friza, na mvuke wake utaganda kwenye kuta. Mwanzoni ni ukungu mweupe tu, ule ambao watoto huuparua kwa kucha na kulamba. Baadaye unakuwa ganda, ganda linakuwa fungu, mpaka kile kijimlango cha plastiki cha friza hakirudi mahali pake. Kinabaki kimetokeza, kinausukuma mlango mkubwa kwa ndani. Mwanya unapanuka, hewa zaidi inaingia, barafu zaidi inaganda, na kijimlango kinasogezwa tena. Kuanzia hapo friji inajifungua yenyewe bila msaada wa dada wa kazi.

Kumbuka pia kwamba barafu nene huzuia ubaridi usitoke kwenye kuta za friza kwenda kwenye chakula. Juu kuna jabali jeupe na chini maziwa yanachacha. Jirani atakayechungulia atasema friji ina nguvu, ona barafu. Mkubalie.

Mwezi wa Oktoba huwa na mchango wa pekee. Joto la Tabora likipanda, kila nyumba yenye friza inageuka kiwanda cha barafu za ubuyu na ukwaju. Sharubati inachemshwa, inamiminwa ingali vuguvugu kwenye vifuko vyembamba, kila kifuko kinafungwa fundo, na vyote vinarundikwa friza kwa pamoja kwa sababu wanafunzi wanatoka saa nane. Mvuke unaotoka humo ungetosha kuzivika barafu friji tatu. Na kifuko kikiganda kinabaki na umbo lile kilivyowekwa: kilichokaa upande kikachomoza sentimita mbili nje ya ukingo kitakuwa kigumu vilevile sentimita mbili nje ya ukingo, na hakuna mlango unaoweza kubishana nacho. Faida ya siku ni shilingi kadhaa. Hasara iko kwenye mita.

Maana kompresa haikubali kushindwa. Mlango ukivuja itanguruma bila kupumzika. Chukua friji ndogo yenye kompresa ya wati 100. Ikifunga vizuri, kompresa huwaka na kuzima kwa zamu. Isipofunga, inafanya kazi saa 24: uniti 2.4 kwa siku, uniti 72 kwa mwezi wa siku 30. Kwa bei zilizopitishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo aliuziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi ziliwekwa shilingi 350. Friji yako imekula 72. Zimebaki tatu, za taa, simu, redio na pasi ya sare za shule. Watu wa nyumbani wataamua kwamba mita imechezewa, na kikao cha kumtafuta mkosaji kitafunguliwa upya.

Turudi kwenye barafu. Hapa mwongozo unakutaka uchukue kisu. Si kile cha mboga. Chukua kirefu chenye ncha, ukiambatanishe na mchi wa kinu. Kwenye friji nyingi za mlango mmoja, kuta za friza ni bati jembamba la alumini ambalo ndani yake mna vijia vya gesi. Gonga kwa moyo wote. Barafu itaruka vipande hadi kwenye kochi, watoto watashangilia, na baada ya muda utasikia sauti ndogo ya kufyonza meno. Ndiyo gesi hiyo, inaaga. Kuanzia sasa mlango ukifunga au usipofunga ni sawasawa, kwa hiyo tatizo la mlango limekwisha.

Kuna njia nyingine, ya watu wasio na haraka: kuichomoa friji kwenye umeme, kuacha milango wazi, kuweka sufuria la maji ya moto ndani ya friza, kutandika madekio chini na kwenda kulala. Asubuhi barafu inabanduka kwa mkono. Njia hii haina mshindo wala mashahidi, na ndiyo sababu hakuna anayeisimulia.

Gesi ikishatoka, au hata kama haijatoka, aitwe fundi. Nimebahatika kushuhudia mazungumzo ya namna hii kati ya mama mmoja wa Kinyamwezi na fundi wa Kizaramo, na kama ujuavyo makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo kila mmoja aliruhusiwa kusema ukweli.

"Mama, shikamoo. Hii gesi imeisha."

"Marahaba. Imeisha imekwenda wapi, mtani?"

"Inatumika, mama. Si unapika na gesi? Inaisha vilevile."

"Mzaramo wewe! Nimekuita kwa ajili ya mlango, unaniambia habari za gesi. Ukiitwa kuziba pancha utasema baiskeli haina chumvi."

"Ninyi Wanyamwezi mlizoea kubeba mabegani, vitu vyenye milango vimewakuta ukubwani. Toa hela ya gesi niifunge."

"Nitakuzika na hiyo gesi yako, na sanda nitaichagua mimi."

Alilipa. Ikajazwa. Mlango haukufunga. Kwa anayependa kujua, gesi ya friji haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na friji inaweza kumaliza maisha yake na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna tundu, na kujaza bila kuliziba tundu ni kuitoa gesi matembezi. Friji nyingi za siku hizi hutumia R600a, ambayo inashika moto. Fundi anayewasha tochi ya kuchomelea bila kusoma kibandiko kilicho nyuma ya friji asindikizwe mpaka barabarani, kwa utani au bila utani.

Endapo fundi atakuwa mwaminifu, atasema tatizo ni mpira wa mlango, umekauka na kuchanika kwenye pembe. Hii ni habari mbaya, kwa sababu mpira unaagizwa Kariakoo, Dar es Salaam. Usikate tamaa: Tabora imewahi kusubiri makubwa zaidi. David Livingstone, baada ya kukutwa na Henry Morton Stanley huko Ujiji mwaka 1871, alikuja naye Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley akashika njia ya pwani kwenda kumtafutia wapagazi, na mzee akabaki kwenye tembe, ambalo leo ni makumbusho, akiandika na kusubiri. Wapagazi wakafika Agosti. Miezi mitano kwa miguu, na walikuja wale hasa walioagizwa.

Leo basi la kutoka Dar es Salaam linafika kwa siku moja. Ili kulinda urithi wa kusubiri, agiza kwa simu hivi: "Nitumie mpira wa friji, ule mkubwa, mweupe." Utaletewa mkubwa, mweupe, wa friji nyingine. Urudishe. Utaletewa wa tatu. Usithubutu kuvuta droo ya mboga na kusoma kibandiko cha ndani chenye namba ya modeli, wala kupima kwa futi urefu na upana wa mfereji ambao mpira umechomekwa, wala kumpigia picha muuzaji umbo la ukingo wake. Ukifanya hivyo utapata mpira sahihi safari ya kwanza na utakosa cha kuzungumza na kondakta. Na ukifika umekunjamana kwa kukaa kwenye boksi, uvalishe hivyohivyo. Usiuloweke kwanza kwenye maji ya moto ukanyooka.

Inabaki hoja ya vilivyomo ndani. Kanuni ya kwetu ni kwamba friji isiyojaa ni aibu. Kwa hiyo weka humo asali, ingawa mkoa huu umekuwa ukiihifadhi asali tangu zamani bila kuipoza, na ubaridi huifanya igande tu ikashindikana kumiminika. Weka michembe na matobolwa, ambavyo vilikaushwa juani kusudi visihitaji friji. Weka vitunguu, karanga, betri za redio na cheti cha ubatizo. Weka sufuria zima la maharage, lile lenye ukingo mpana, likiwa la moto, mbele ya yote, ligusane na rafu ya mlangoni. Chupa za maji za lita moja na nusu zipangwe kwenye mlango wenyewe mpaka bawaba ilie; kila chupa ni kilo moja na nusu inayoning'inia kwenye skrubu mbili. Ukiviondoa hivi mlango unaweza kuanza kufunga, na hapo utaulizwa kwa nini hukuviondoa tangu mwanzo.

Anayeshangaa watu walihifadhije vitu kabla ya haya yote akumbuke kwamba njia ile ya misafara ilikuwa na chumvi ya Uvinza na jua la bure, na migebuka ya Ziwa Tanganyika bado inatufikia imekaushwa na haijawahi kuulizia friji. Na Livingstone huyohuyo, alipofariki mwaka 1873 katika nchi inayoitwa leo Zambia, wasaidizi wake Chuma na Susi na wenzao walimkausha kwa chumvi na jua kwa muda wa wiki mbili, wakamfunga ndani ya gome la mti na turubai, wakapita naye Tabora mwezi Oktoba na kumfikisha Bagamoyo Februari 1874. Nalisema kwa heshima ya wale waliofunga: gome lile halikuhitaji tofali la kulizuia.

Kama una insulini humo ndani, ruka ucheshi wote huu. Dawa hiyo inataka nyuzi 2 hadi 8, na mlango unaocheza hauwezi kuitunza. Shughulikia leo.

Kwa wengine, imesalia njia moja ambayo nilitamani kuificha, kwa kuwa haina gharama, haina fundi na haina hadithi. Ngojea usiku, washa tochi ya simu, iweke ndani ya friji, funga mlango na uzime taa za sebuleni. Panapotoka mwanga ndipo panapovuja. Au chukua noti ya shilingi elfu kumi, ibane mlangoni nusu ndani nusu nje, uivute. Ikikaza, hapo pazima. Ikitoka bila ubishi, hapo pabovu. Izungushe pande zote nne, usisahau chini na upande wa bawaba, halafu irudishe mfukoni kabla shemeji hajaona.

Sasa tazama huo mpira kwa karibu. Ufunue mikunjo yake kwa kidole. Humo utakuta vumbi la kiangazi lililogandishwa na juisi ya embe, punje za mchele, mguu wa mende, na tone la asali lililotiririka tangu sikukuu. Vitu vitamu hunata: mlango unagandia bodi, unauvuta kwa nguvu, na mpira unachomoka kwenye mfereji wake kidogo kidogo. Chukua maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche na mswaki uliostaafu. Sugua mikunjo yote, sugua na bodi pale mpira unapolalia, kausha kwa kitambaa. Urudishe mpira kwenye mfereji kwa kidole gumba ukianzia kwenye pembe. Palipobonyea, pakande kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto mpaka paumuke, ufunge mlango na kuuacha. Upande wa bawaba paka mafuta ya mgando kidogo sana, ili mpira uteleze badala ya kukunjamana. Kaza skrubu za bawaba kwa bisibisi. Mwenye friji ya milango miwili aache kubamiza ule wa juu, kwa sababu hewa inayosukumwa hutafuta pa kutokea na hutokea kwa kufungua ule wa chini. Yote haya yanaisha kabla wali haujaiva, na ndiyo maana watu wenye hadhi zao hawayafanyi.

Onyo la mwisho. Baada ya kazi hiyo, funga mlango kisha jaribu kuufungua mara moja. Unaweza kuukuta umegoma kwa muda mfupi. Ni hewa ya joto iliyoingia ulipoufungua. Inapoa, inasinyaa, na kuuvuta mlango kwa ndani, jambo linalowezekana tu pale mpira unapobana pande zote. Usiuvute kwa miguu miwili, usiite jirani, na tafadhali usimpigie fundi kumwambia kwamba sasa friji haifunguki.